Lundo la Mbolea Linalougua

Mtoto mmoja wa darasa la tano, hapa Kalemie, alimwona mama yake akisikitika. Nyuma ya nyumba yao kuna bustani ndogo ya lengalenga, matembele na nyanya. Mama huuza mboga sokoni, na fedha ile hununua madaftari ya watoto. Lakini mwaka ule majani yalikuwa madogo tena ya manjano. Udongo ulikuwa umechoka. Kila mwaka uliombwa chakula, wala haukupewa kitu.

Mtoto alikuwa amejifunza shuleni kwamba takataka zinaweza kugeuka mbolea. Basi akakusanya maganda ya mihogo na ya ndizi, majani mabichi, na vichwa vya samaki. Akavirundika karibu na mlango wa jikoni, akavikanyaga kwa miguu vishikamane. Mvua ikanyesha siku nyingi. Baada ya majuma mawili lundo likanuka vibaya, nzi wakajaa, na usiku mbwa walikuja kufukua.

Mama akasema: «Mwanangu, uliniahidi chakula cha bustani, kumbe umeniletea jalala mlangoni. Majirani wananung'unika. Jumapili ikifika na harufu ingaliko, utaliondoa lote.»

Mtoto akaenda kwa mwalimu. «Mwalimu, lundo langu limekufa.»

Mwalimu akajibu: «Halijakufa, linaugua tu. Mgonjwa hatupwi, hutafutiwa dawa. Twende tukalitazame.»

Lundo ni kitu chenye uhai

Ndani ya lundo mnakaa viumbe wadogo sana, hata macho hayawezi kuwaona. Ndio wanaokula takataka na kuzigeuza udongo mweusi. Wanahitaji vitu vinne: vyakula vibichi, kama maganda, majani na samadi ya mbuzi, vyakula vikavu, kama nyasi kavu na mabua ya mahindi, maji kiasi, na hewa. Kwa ndoo moja ya vibichi weka ndoo mbili au tatu za vikavu. Kimoja kikikosekana, lundo linaugua. Jifunze basi alama za kila ugonjwa, na dawa yake.

1. Lundo linanuka kama kitu kilichooza

Maji yamezidi na hewa imekosekana. Viumbe wazuri wamekufa kwa kukosa pumzi, na wengine wanaofanya uvundo wamechukua nafasi yao. Dawa: lipindue lote kwa uma au jembe, ukichanganya nyasi kavu. Usilikanyage tena. Harufu ikiwa kali puani kama mkojo, vibichi vimezidi, ongeza vikavu.

2. Lundo ni baridi, halibadiliki

Chomeka kijiti kirefu katikati ya lundo, ukiache kwa muda. Kichomoe, ukiguse. Lundo zima hutoa kijiti cha moto, maana katikati joto laweza kufika digrii 60. Kijiti kikitoka baridi na kikavu, lundo lina kiu: nyunyiza maji. Kikitoka baridi na majimaji, rudi kwenye dawa ya kwanza. Kama lundo ni dogo mno, haliwezi kutunza joto lake; lifanye liwe meta 1 kila upande, na meta 1 kwenda juu. Na kama ni la nyasi kavu tupu, litie samadi au majani mabichi.

Unataka kujua kama maji yanatosha? Kamata konzi moja ya takataka, uikamue. Likitoka tone moja au mawili, ni vizuri. Yakichuruzika, yamezidi. Mkono ukibaki mkavu, yamepungua.

3. Mvua inaliosha lundo

Kwetu mvua hunyesha tangu Oktoba mpaka Aprili au Mei. Maji yakipita ndani ya lundo huondoka na chakula cha mimea. Dawa: lifunike kwa majani ya migomba, uchimbe mfereji kulizunguka. Lisikae bondeni. Mwaka 2024 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia hata katika nyumba za watu. Lundo lililo chini lingewezaje kupona? Wakati wa kiangazi kifuniko hichohicho hulinda unyevu.

4. Nzi, panya na mbwa wanakuja

Wanafuata samaki, nyama na mabaki ya ugali. Vitu hivyo usiviweke. Maganda mabichi yafukie katikati, uyafunike kwa nyasi kavu siku ileile. Kamwe usitie mavi ya watu. Mji wetu unakijua kipindupindu. Ugonjwa huo hutoka katika mavi ya mgonjwa, ukaingia kwa maji, mikono na chakula kichafu. Ukimaliza kazi, nawa mikono kwa sabuni.

5. Mchwa wanakula lundo

Mchwa hupenda vitu vikavu vilivyotulia. Tia maji, upindue mara kwa mara, nao watahama.

6. Mbolea inaunguza mboga

Mbolea haijaiva. Ngoja miezi mitatu au minne, ukilipindua lundo kila baada ya majuma mawili au matatu. Iliyoiva ni nyeusi, inanukia kama udongo wa msituni, wala hutambui tena ganda wala jani.

Mtoto alifanyaje?

Alitoa vichwa vya samaki akavizika katika shimo la kina, mbali na nyumba. Akahamisha lundo mahali palipoinuka, nyuma ya bustani. Akaweka vijiti chini ili hewa ipite, kisha nyasi kavu, kisha maganda, kisha samadi ya mbuzi, tena nyasi kavu. Juu akaweka majani ya migomba. Jumapili mama alipotoka Misa alizunguka nyuma ya nyumba, akanusa, akanyamaza. Hakusema tena habari ya kuliondoa. Miezi minne baadaye lengalenga zilikuwa za kijani kibichi, na mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akipeleka maganda kwenye lundo.

Maarifa haya wakulima wengi wa dunia wanayo. Mwingereza Albert Howard aliishi miaka mingi nchini India, akawatazama wakulima wa huko, akajaribu njia zao mjini Indore. Mwaka 1931 aliandika kitabu kuwaeleza wengine namna ya kufanya mbolea kwa takataka za shamba.

Nanyi mnakumbuka mfano wa Bwana Yesu juu ya mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunzaji akaomba mwaka mmoja, auchimbie na kuutilia mbolea. Ndivyo ilivyo: kabla ya kukata na kutupa, tazama kwanza kinachokosekana.

Maswali

1. Kwa nini udongo wa mama ulichoka?
2. Taja vitu vinne vinavyohitajiwa na lundo.
3. Mtoto alikosa mambo gani alipolifanya lundo mara ya kwanza?
4. Kijiti kinatuonyesha nini?
5. Kwa nini ni hatari kutia mavi ya watu?

Kazi

Pamoja na wenzako, fanyeni lundo nyuma ya shule. Kila juma chomekeni kijiti, mwandike katika daftari: ni moto au baridi? Limelowa au limekauka? Linanuka nini? Mtatia dawa gani?