Unataka Nikufanyie Nini?

Andiko: Marko 10:46-52, Mambo ya Walawi 19:14

Wiki hii tunajifunza jinsi ya kumheshimu mtu asiyeona, na mfano wetu ni CBM, huduma ya Kikristo iliyodumu zaidi ya miaka 100.

Wacha nianze na kosa langu. Mama mmoja wa hapa kwetu alikuja mbele kuombewa macho Jumapili tatu mfululizo. Nilimwekea mikono, nikamwambia azidi kuamini. Sikumwuliza hata siku moja kama ameenda kliniki ya macho. Jirani yake, ambaye hata si wa kanisa letu, ndiye aliyempeleka. Kumbe ni mtoto wa jicho. Akafanyiwa upasuaji, na leo anajisomea Biblia. Nilifurahi, lakini niliona aibu.

Sasa mwangalie Yesu pale Yeriko. Bartimayo anapaza sauti, umati unamnyamazisha. Kila mtu anajua shida yake. Lakini Yesu anasimama, anaagiza aitwe, halafu anamwuliza anataka afanyiwe nini. Kwani Yesu hakujua? Alijua. Lakini alimpa nafasi aseme mwenyewe. Heshima inaanzia hapo.

Mwaka 1908 mchungaji Mjerumani, Ernst Jakob Christoffel, pamoja na dada yake Hedwig, walifungua nyumba huko Malatya, Uturuki, wakaiita Bethesda. Waliwapokea wasioona, walemavu na mayatima. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaivuruga kazi ile, ikabidi aondoke. Akaanza upya Iran: Tabriz mwaka 1925, kisha Isfahan mwaka 1928. Vita vya Pili vikaja, akawekwa kizuizini. Mwaka 1951, akiwa na zaidi ya miaka 70, akarudi Isfahan. Alifia huko mwaka 1955.

Mimi nilisomea biashara. Ukiniletea vitabu vya hesabu vya namna hiyo, nitakwambia funga duka. Lakini kazi haikufungwa. Ilifika mpaka Kenya, ambako CBM imeshirikiana na kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu. Na si wao peke yao. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Hao wote ni watu wa kanisa. Basi sisi tufanye nini?

1. Ombewa, halafu uende upimwe. Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho kuingia ukungu. Daktari huitoa na kuweka ya bandia. Lakini kuna glaukoma, ambayo wengi wetu tunaiita presha ya macho. Mara nyingi haiumi. Inaharibu neva ya jicho polepole, na kilichopotea daktari hawezi kukirudisha. Anachoweza ni kulinda kilichobaki. Kwa hivyo mtumishi akikwambia ungoje tu, kule kungoja kunakula macho yako. Mungu anaponya, hilo sitaacha kulihubiri. Lakini kwenda kliniki si kukosa imani.

2. Asiyeona si mradi wa maombi. Kuna ndugu wasioona walioacha kuja kanisani kwa sababu kila ibada wanavutwa mbele, na wasipopona wanaambiwa imani yao ni ndogo. Hiyo ni kumwumiza mtu kwa jina la Yesu. Christoffel hakungoja macho yafunguke ndipo watoto wawe na maana. Walifundishwa breli, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, na kazi za mikono. Ndugu asiyeona anaweza kufundisha, kuongoza sifa, kukaa kwenye kamati. Mpe kazi, si sadaka peke yake.

3. Ondoa kikwazo. Katika Walawi, Mungu anakataza kumwekea kipofu kitu cha kumkwaza njiani, na anaunganisha jambo hilo na kumcha Yeye. Sasa tazama kanisa letu. Nyaya za spika zimelala katikati ya njia. Mtaro wa pale getini hauna kifuniko. Tunasema, "Tusome pamoja kwenye skrini," na hakuna anayesoma kwa sauti. Hayo hayahitaji harambee. Yanahitaji mtu mmoja aone.

Mpendwa, kuwapigia makofi watu kama Christoffel ni rahisi. Heshima ya kweli ni kushika kazi pale walipoiachia.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni nani katika mtaa wetu haoni vizuri, na nani atamsindikiza kliniki?
2. Umewahi kumsaidia mtu bila kumwuliza anataka nini? Ilikuwaje?
3. Ni huduma gani tutampa ndugu asiyeona mwezi huu?

Tuombe: Bwana Yesu, tusamehe pale tulipokuwa kama ule umati wa Yeriko. Tufundishe kusimama, kuuliza na kusikiliza. Waponye wagonjwa wetu, wape madaktari mikono thabiti, na utuondolee upofu wa moyo. Amina.