Kushika Saa Kwenye Jioni ya Hotuba: Somo Kutoka Gahanna

Mhariri ameniomba niandike kuhusu kujitolea, hasa kwa wenzetu waliofika majuzi na wanaodhani maisha ya ughaibuni ni maktaba na kubeba boksi tu. Mimi nasomea uhandisi, maneno si fani yangu. Lakini mwaka mzima sasa nasaidia kuandaa jioni za hotuba hapa Gahanna, kamji kalikoshikana na Columbus upande wa kaskazini-mashariki, karibu na uwanja wa ndege. Mengi nimejifunza kwa kukosea, kwa hiyo naanza na kosa.

Jioni zenyewe ziko hivi. Mara moja kwa mwezi majirani wanakutana, na aliyejiandikisha anasimama kuongea mbele za watu. Columbus inatajwa kuwa na jamii ya Wasomali ya pili kwa ukubwa Marekani, baada ya ile ya Minneapolis na St. Paul. Wapo pia Wakongo, Waeritrea na watu wa asili ya Nepali waliotoka Bhutan. Kwa hiyo ukumbi unakuwa na lugha kibao.

Utaratibu tuliuazima kwa Toastmasters, chama alichokianzisha Ralph Smedley mwaka 1924 kwenye jengo la YMCA mjini Santa Ana, California. Hotuba ya kawaida kule huwa ya dakika 5 hadi 7. Mtunza muda anaonyesha kijani ikifika dakika ya 5, njano ya 6, nyekundu ya 7. Yupo pia wa kuhesabu "aaa" na "mmm" za msemaji, na wapo watathmini wanaoeleza kilichofaa na cha kurekebisha. Nilipouliza nisaidie nini, nikapewa saa na kadi tatu. Nikasema hii ndiyo kazi ya mhandisi, bwana!

Jioni yangu ya pili alisimama mama mmoja wa Kikongo, mtu mzima, akiongea Kiswahili cha kwao huku mwanafunzi wa Kikenya akimtafsiria. Akamshukuru Mungu, akasalimia wazee, akawashukuru wenyeji kwa kumpokea. Kila sentensi ikasemwa mara mbili. Dakika ya 7 nikainua kadi nyekundu. Mama akaitazama, akanyamaza kidogo, akasema "aksanti" na kurudi kwenye kiti chake. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaandika: dakika 7 na sekunde 10, safi.

Tulipokuwa tunapanga viti alinifuata, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mutoto yangu, nilisema kitu mubaya?"

Nikamwambia hapana mama, ni muda tu. Ndipo akaniambia alichokuja kusema. Wanawake watano wa mtaani kwake walikuwa wameacha darasa la Kiingereza la jioni, kwa sababu linaisha saa tatu usiku na kituo cha basi kiko mbali. Alitaka kuomba mwenye gari awasaidie. Ukumbi mzima ulikuwa na watu wenye magari, na hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na ombi. Na mimi, mmoja wa wachache mle ndani tuliokuwa tunamwelewa bila mkalimani, ndiye niliyemkatiza.

Usiku ule nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla. Tulikuwa na ukumbi kwa dakika 120. Wasemaji 8 kwa dakika 7 ni 56. Kupanda na kushuka jukwaani, dakika 2 kila mmoja, ni 16. Ufunguzi 10, maswali 20, kusafisha 18. Jumla 120 kamili. Lakini wasemaji wawili walikuwa na mkalimani, na tafsiri ya sentensi kwa sentensi hula muda karibu mara mbili. Yaani tulimpa mama dakika tatu na nusu, huku kwenye karatasi tumemwandikia 7.

Dawa yake ni hii. Punguza wasemaji wawe 6. Wanne wa dakika 7 ni 28, wawili wa dakika 14 ni 28. Jumla ni 56 ile ile, na kwenye kupanda na kushuka unaokoa dakika 4.

Mambo mengine tunayofanya siku hizi:

1. Mpigie simu kila msemaji siku chache kabla. Muulize anatumia lugha gani, na watu wakitoka ukumbini anataka wafanye nini. Mwenye ombi tunamshauri aliseme mapema.

2. Salamu za heshima anazitoa mshereheshaji kwa niaba ya wote mwanzoni, kama nyumbani wanavyosema "itifaki imezingatiwa". Anayependa kusalimia mwenyewe hazuiwi.

3. Kadi zielezwe kabla, kwa lugha ya msemaji. Kwa mtu aliyewahi kuishi kambini, karatasi nyekundu mkononi mwa mwenye orodha inaweza kumaanisha jambo jingine kabisa.

4. Mkalimani naye aone kadi, na afanye mazoezi na msemaji walau mara moja.

Mama alirudi mwezi uliofuata akiwa na dakika 14. Ombi lake alilitoa mapema, salamu zikafuata. Watu watatu waliandika majina. Wawili walipotea baada ya wiki chache, ndivyo ilivyo. Mmoja anaendelea mpaka leo, na wanawake wanne kati ya wale watano wamerudi darasani.

Neno la mwisho kwa wenye viza ya F-1. Kujitolea kunaruhusiwa iwapo kazi yenyewe kwa kawaida hailipwi, kama hii ya kupanga viti na kushika saa. Kufanya bure kazi ambayo wengine wanalipwa ni jambo jingine, linaweza kukuletea matatizo. Ukiwa na shaka, pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako.

Basi mkialikwa kusaidia, msikimbilie kupiga picha tu. Ombeni saa, na ratiba muipigie hesabu nyumbani kabla ya siku yenyewe. Kila la heri kwenye mitihani.