ELIMU KWA WAKAZI: Namna Ripita ya Kibiashara Inavyorekebishwa kwa Redio ya Ridhaa

Mvua kubwa zinapokata umeme na minara ya simu kuzimika, kijiji kilicho ng'ambo ya mto hubaki bila sauti. Hapo ndipo huonekana manufaa ya redio ya ridhaa, inayoendeshwa na raia wenye leseni pasipo malipo. Lakini redio ya mkononi haivuki mlima. Huhitaji ripita, yaani mtambo wa mahali pa juu unaopokea sauti hafifu na kuirusha upya papo hapo kwa nguvu zaidi.

Ripita zilizokwisha kutumiwa na mashamba au kampuni za ulinzi hupatikana kwa bei nafuu. Hata hivyo, haifai kuziwasha jinsi zilivyo.

Kwanza, masafa. Barani Afrika, mojawapo ya masafa ya ridhaa ni megahezi 144 hadi 146. Masafa ya mtumiaji wa zamani hayana budi kufutwa na mtambo kupangwa upya. Mtambo uliotengenezwa kuanzia megahezi 146 waweza kudai fundi arekebishe saketi za ndani.

Pili, vichujio. Hapa ndipo wengi hukwama. Ripita husikiliza na kusema kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa antena moja. Katika biashara, masafa ya kupokea na ya kurusha aghalabu hutengana kwa megahezi kadhaa. Katika ridhaa, kwenye masafa haya, ni kilohezi 600 tu. Vichujio vya zamani visipobadilishwa, mtambo huzibwa masikio na kelele zake wenyewe: husikika kote, bali hausikii mtu. Huhitajika vichujio vikubwa zaidi, vilivyorekebishwa kwa vipimo.

Tatu, umeme. Ripita inayotegemea gridi pekee itazimika siku ile ile ya maafa. Ifungiwe betri na sola.

Nne, sheria. Kurusha mawimbi bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ni kosa. Kituo hujitambulisha kwa alama yake ya wito, nayo haitumiki kwa biashara.

Ndugu mkazi, kabla ripita kuukuu haijauzwa kama chuma chakavu, mwone fundi redio mwenye leseni. Huenda ndiyo itakayoita msaada barabara itakapokatika.