Kuweka Akiba ya Noeli: Tuchague Njia Ipi?

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 41:33-36 na Luka 14:28-30



Wengine mtashangaa kuona somo la Noeli wakati huu, shule zimefunguliwa juzi tu na sisi tunatayarisha mashamba tukingoja mvua za Machi. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Somo hili likitolewa Desemba linakuwa maombolezo.

Tunajua jinsi mambo yanavyokuwa hapa Nakivale. Baba anakopa ili watoto wavae nguo mpya na kula wali na nyama. Januari deni linaanza kudai. Februari muhula wa kwanza unafunguliwa, na mtoto aliyevaa vizuri siku ya Noeli anabaki nyumbani kwa kukosa karo na madaftari. Zamani tulijitetea kwamba mgao utatusaidia. Lakini mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani liligawa kaya katika makundi matatu, na mwaka 2025 likapunguza tena, kaya nyingi zikatolewa kabisa. Deni la Noeli sasa halina mahali pa kuegemea.

Tuanze na Luka. Bwana anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akahesabu gharama. Basi baba na mama waketi pamoja, waandike: mchele, nyama, mafuta, sukari, soda za watoto, nguo, sadaka, na mchango wa sare za kwaya (ambao kila mwaka hutangazwa dakika ya mwisho, wanakwaya watusamehe). Tuseme jumla ni shilingi 150,000. Tukianza sasa hadi mwisho wa Novemba tuna majuma 40, yaani shilingi 3,750 kwa juma. Tukianza katikati ya Julai, ni shilingi 7,500 kwa juma. Tukingoja Oktoba, ni 18,750. Nani kati yetu anapata shilingi 18,750 za kuweka pembeni kila juma? Kama hata 3,750 haiwezekani, orodha ndiyo ipunguzwe, tena sasa, watoto wakiwa bado hawajaahidiwa kitu.

Baada ya hapo ndipo tuulize pesa zikae wapi. Tazameni jambo moja katika habari ya Yusufu. Hakuwaambia Wamisri kila mtu afiche nafaka yake chini ya kitanda. Moja ya tano ya mavuno ilikusanywa katika maghala na kulindwa. Pesa iliyo karibu na mkono huliwa na mkono huo huo. Ndiyo shida ya kopo la nyumbani: mwizi na moto ni hatari, lakini anayelivunja mara nyingi ni sisi wenyewe, juma ambalo chumvi imekwisha. Simu ni salama kuliko kopo, ila kutoa pesa kuna gharama yake: mbali na ada ya kutolea, kodi iliyowekwa na serikali ya Uganda mwaka 2018 ilikuwa nusu ya asilimia ya pesa inayotolewa. Tena namba ya siri tunayo wenyewe. Kumwachia mwenye duka pesa kidogo kidogo hatukushauri, hata akiwa ndugu wa kanisani.

Likelemba wengi tuliizoea tangu Kongo, na ina uzuri wake. Watu kumi wakitoa 10,000 kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake anapata 100,000. Lakini Desemba ni moja, na zamu ya Desemba ni ya mtu mmoja tu. Kuna jambo jingine ambalo sisi wakimbizi lazima tulifikirie kuliko wenyeji: watu wetu huondoka. Ndugu aliyekwisha kupokea akipata safari ya nchi ya tatu, au akahamia kambi nyingine, au akarudi nyumbani, wanaobaki ndio wanaolipa. Si lazima awe mwizi. Gari limekuja, ameondoka.

Kwa sababu hiyo sisi tunaona njia bora kwa wengi wetu ni kikundi cha kuweka na kukopa, kile ambacho watu wa Kivu wanakiita AVEC. Mpango huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa Maradi walioanza na shirika la CARE. Watu 15 hadi 25 wanaojuana hukutana kila juma na kununua hisa, moja hadi tano. Hisa ikiwa shilingi 1,000, hisa nne kwa juma zinafika 160,000 kwa majuma 40. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote. Anayekopa hulipa riba, na riba hiyo hugawiwa kwa wenye hisa mzunguko ukiisha. Na yule anayeondoka? Anapewa akiba yake baada ya kukatwa deni lake. Kumbukeni pia kwamba mwisho ni hisa tano: anayeanza Julai akitaka 7,500 kwa juma hataruhusiwa.

Hata hivyo kikundi kinaweza kuharibika kwa mambo mawili. La kwanza ni tarehe. Vikundi vingi hugawana katikati ya Desemba, bei zikiwa zimekwisha kupanda. Tugawane juma la mwisho la Novemba, tununue mchele na nguo mapema, na karo itengwe siku hiyo hiyo kabla ya kufika nyumbani. La pili ni kukopa kwa ajili ya sikukuu. Mkopo wa 150,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ukikaa miezi mitatu bila kupunguzwa, una riba ya 45,000. Mkopo ni wa mbegu, biashara au ugonjwa.

Wasio na pesa ya kila juma wasikate tamaa. Wakati wa mavuno ya Juni na Julai maharage huuzwa kwa bei ya chini. Gunia moja lililokaushwa vizuri na kufungwa katika mfuko usiopitisha hewa, fukusi wasiingie, linaweza kuuzwa baadaye kwa bei nzuri zaidi. Kuku pia ni akiba, ila wachanjwe kideri. Ugonjwa huo humaliza banda zima kwa siku chache.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi vya maombi

1. Noeli iliyopita tulitumia kiasi gani, na kiasi gani kati ya hicho kilikuwa deni? Je, deni limekwisha?

2. Katika orodha yetu, ni kitu gani watoto wenyewe wangekubali kukiacha wakiulizwa?

3. Mjane au mzee asiyeweza kununua hata hisa moja, kikundi chetu kitamfikiriaje? Mfuko wa jamii wa kikundi unaweza kutumika?

4. Funguo tatu za sanduku letu ziko kwa nani, na je, wawili kati yao ni wa nyumba moja?