Mlia Mweusi Kwenye Kofia ya Mtoto

SOMO LA FAMILIA NA VIKUNDI
Andiko la kusoma: Wagalatia 6:1-5, 1 Wakorintho 12:24-27



Wengi wenu mmewaona akina mama wa kikundi cha kufuma wakikaa nyuma ya kanisa siku ya Alhamisi. Safari hii walipata msaada wa madonge ya uzi wa milia. Kwa asiyeujua, huu ni uzi uliotiwa rangi kwa vipande virefu vinavyofuatana: nyekundu, manjano, kijani, nyeusi, kisha nyekundu tena. Mfumaji habadilishi uzi. Yeye anafuma tu, na milia inajitokeza yenyewe. Ule mwembamba wa soksi huwa na mita zipatazo 400 katika donge la gramu 100, na donge moja linatosha soksi jozi moja ya mtu mzima.

Mama wawili walichukua madonge ya aina moja. Mmoja alifuma kofia ya mtoto, mwingine akafuma mwili wa sweta, au trikoti kama tulivyozoea kusema kwetu. Walipoziweka kazi zao pamoja, mlia mweusi wa kofia ulikuwa na upana wa vidole vitatu. Wa sweta ulikuwa wa kidole kimoja. Yule wa kofia akaniuliza, "Mchungaji, uzi ni wa aina moja, mbona weusi wote umeniangukia mimi?"

Wengine walicheka. Mimi sikuweza, maana mama huyu alimzika mtoto wake njiani tulipokuwa tunakimbia. Tulipofika hapa alinijia akilia, nami nikamwambia, "Jikaze, mama, mwachie Mungu." Kisha nikaondoka kwenda kwenye kikao.

Bibi mmoja, fundi wao, ndiye aliyemjibu: "Mwanangu, weusi ni uleule. Wewe una vitanzi vichache."

1. Uzi haukupungua

Hebu tuhesabu. Kofia ilikuwa na vitanzi 80 kwa mzunguko, sweta vitanzi 240. Kipande cheusi kilichotosha safu 12 kwenye kofia kilitosha safu 4 tu kwenye sweta. Urefu wa uzi mweusi ni uleule, hakuna aliyeukata wala kuuficha. Tofauti ni idadi ya vitanzi vilivyoupokea.

Ndivyo ilivyo huzuni. Ikibebwa na mtu mmoja ndani ya hema lake, inajaza maisha yote, hata haoni rangi iliyotangulia wala itakayofuata. Ikipokelewa na watu wengi, haifutiki, lakini mlia wake unakuwa mwembamba. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia pamoja nacho. Hakusema maumivu yataondoka. Alisema hayatakuwa ya kiungo kimoja.

2. Mzigo na furushi

Wengine huuliza: mbona Wagalatia 6:2 inatuagiza kubebeana mizigo, na mstari wa 5 unasema kila mtu atabeba wa kwake? Je, Paulo anajipinga? Hapana. Katika Kiyunani ni maneno mawili. Mstari wa 2 una neno baros, yaani uzito unaomlemea mtu. Mstari wa 5 una phortion, yaani mzigo wa msafiri, unaomtosha mmoja. Biblia yetu ya Kiswahili imeliita furushi, na sisi mafurushi tunayajua.

Kila kitanzi kinashika sehemu yake ya uzi, hakuna kitanzi kinachoshikiwa na jirani. Kuchota maji, kulea watoto, kutubu dhambi yangu: hilo ni furushi langu. Lakini kufiwa, kubakwa, kutojua mume yuko wapi, huo ni uzito. Tusimwambie mwenye uzito kwamba abebe kama furushi. Mimi nilifanya kosa hilo.

3. Mfano una mpaka wake

Msiseme kwamba mchungaji amefundisha kuwa Mungu alitutia rangi nyeusi ili tupendeze. Vita vililetwa na mikono ya watu. Yusufu, katika Mwanzo 50:20, hakuwaambia ndugu zake kwamba ubaya wao ulikuwa wema. Aliuita ubaya, kisha akasema Mungu alikuwa na kusudi lake jema. Msimpelekee aliyefiwa maelezo. Mpelekeeni vitanzi.

4. Namna ya kuongeza vitanzi

Mafundi wana njia nyingine. Wakitaka rangi moja isitawale, wanafuma kwa madonge mawili kwa kupokezana: safu mbili kwa donge hili, safu mbili kwa lile. Basi tufanye hivi:

- Watembeleeni wenye huzuni wawili wawili, na mrudi tena. Ziara moja ni safu moja.
- Ulizeni jina la marehemu, mlitaje katika maombi.
- Msimlazimishe mtu kusimulia yaliyompata. Kaeni naye, msaidieni kuni, mshikieni zamu siku ya mgao.
- Wanaume nao wafikiwe. Wengi wanafuma peke yao gizani.

Nami nilirudi kwa mama yule, nikamwomba msamaha, nikamwuliza jina la mtoto wake. Alinyamaza kitambo, kisha akalitaja. Alisema tangu tufike hapa hakuna aliyewahi kumwuliza. Sasa akina mama wa Alhamisi wanaijua tarehe ile, na siku hiyo hawamwachi peke yake. Kofia hakuifumua. Mjukuu wake anaivaa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nani katika kijiji chenu ana vitanzi vichache?
2. Taja jambo moja ambalo ni furushi lako, na moja ambalo ni uzito unaohitaji kusaidiwa.
3. Kwa nini ni rahisi kusema "jikaze" kuliko kukaa na mtu?

TUOMBE

Bwana Yesu, uliyemlilia Lazaro, utusamehe tulipowapita wenye uzito. Utufanye kuwa vitanzi vya kazi moja, tupokee uzi wa wenzetu. Amina.