Je, huyo "mimi" anayekukosesha usingizi ni nani?

Wengi wetu hulala tukijisemea, "Mimi ni mtu wa bahati mbaya," au "Mimi ni mtu wa hasira." Maneno hayo yakizoeleka huwa mzigo: usingizi hupotea, kichwa huuma, chakula hakiliki.

Buddha, aliyefundisha kaskazini mwa India zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alilichunguza neno hilo "mimi". Alisema mtu ni mambo matano: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia, na fahamu. Yote hubadilika, na nyuma yake hakuna nafsi isiyobadilika. Fundisho hili huitwa anatta. Nchini Uganda, mafundisho ya Buddha hutolewa katika kituo kilichoanzishwa mwaka wa 2005 na mtawa Buddharakkhita, mzaliwa wa nchi hiyo.

Chukua matatu itokayo Nanyuki kwenda Timau. Ondoa magurudumu, injini, viti na bodi. Matatu iko wapi? Kumbe ni jina la vipande vilivyoungana. Masimulizi ya kale yanasema mtawa Nagasena alimfundisha Mfalme Milinda vivyo hivyo, kwa mfano wa gari la kukokotwa.

Jambo hili lina faida gani kwako? Mwaka wa 2020, Covid-19 ilipovuruga masoko ya Ulaya, maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya maua nchini Kenya walirudishwa nyumbani. Mkazi wa Timau aliyejijua kwa kazi hiyo pekee angeweza kudhani kwamba yeye mwenyewe amekwisha. Lakini kilichoondoka ni sehemu moja tu. Ujuzi, nguvu na jamaa zake wangali wapo.

Basi hasira ikija, sema, "Hasira imekuja." Keti dakika 5, pumua polepole, uitazame: iko kifuani au tumboni? Inapanda au inashuka? Kiswahili chenyewe husema mtu "ameshikwa" na hasira, na kinachoshika huachilia.

Tahadhari, msomaji. Fundisho hili halisemi kwamba wewe si kitu, wala halikuondolei deni au kosa. Apandaye ndiye avunaye. Na huzuni ikidumu wiki 2 au zaidi, au ukiwaza kujidhuru, usikae nayo peke yako. Mwone daktari mara moja.