SOMO: NANI ATAMDHAMINI ONESIMO?

Masomo ya kusoma kwanza: Filemoni 8–21



Kila mkaaji wa Mbagala, Tandika, Manzese au Tandale anaijua sauti ile: "Mwizi! Mwizi!" Watu hutoka mbio, huyu na jiwe, yule na fimbo, na mwingine anatafuta tairi. Pengine anayekimbizwa ni mtoto tuliyembatiza wenyewe. Basi somo letu linauliza jambo moja: mtoto akikosa, nani atasimama naye pasipo kulificha kosa lake?

1. Paulo na Onesimo

Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni, naye alitengana na bwana wake. Paulo, hali yu kifungoni, alimlea katika imani. Angalieni alivyofanya. Hakumficha, wala hakusema kwamba hakuna deni. Alimrudisha kwa barua, akamwomba Filemoni ampokee kama ndugu, na katika mstari wa 18 akakubali kwamba deni likiwapo lihesabiwe juu yake mwenyewe. Tunajifunza mambo matatu: kosa linatajwa, mkosaji anarudishwa kwa watu wake, na mtu mzima mwenye jina anamdhamini.

2. Sheria ya nchi yasemaje?

Wengi hudhani mtoto aliyeiba hana njia ila jela. Sivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyochukua mahali pa sheria ya kikoloni ya mwaka 1937, yasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Aliye chini ya miaka 10 hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai. Mahakama ya Watoto, kama ile ya Kisutu, husikiliza kesi faragha, afisa ustawi wa jamii akiwapo, na mzazi au mlezi pia. Polisi nao waweza kumwachia mtoto kwa dhamana ya mzazi, isipokuwa katika makosa makubwa.

Lakini mzazi asipotokea? Mtoto aweza kupelekwa mahabusu ya watoto, kama ile ya Upanga, angoje kesi. Akipatikana na hatia, aweza kupelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya, zaidi ya kilometa 800 kutoka hapa. Huko atafundishwa, lakini siku moja atarudi mtaani kwake, kwa rafiki wale wale. Na dawa ya kuwaondoa watu mjini tulikwisha kuionja. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa Dar es Salaam wakapelekwa mashambani. Wengi walirudi.

3. Njia iliyojaribiwa Temeke

Mwaka 2012 Idara ya Ustawi wa Jamii, ikisaidiwa na UNICEF, ilianza hapa Temeke mpango wa majaribio wa kuwarekebisha watoto wakiwa katika jamii yao. Baadaye mpango huo ulifika Mbeya. Ulikuwa kwa ajili ya watoto waliokwisha kuvunja sheria na wale walioanza kupotoka. Mtoto alibaki nyumbani, akapewa ushauri, mafunzo ya stadi za maisha, na msaada wa kurudi shuleni au kujifunza kazi. Wazazi nao walisaidiwa. Huko Zanzibar, Sheria ya Watoto ya mwaka 2011 imeweka wazi njia ya kumwepusha mtoto na mahakama.

Mtu atasema, "Huko ni kuwadekeza. Mmesahau Panya Road?" La, hatukusahau. Januari 2015 watu wa jiji hili walijifungia ndani kwa hofu, na mwaka 2022 vikundi vya namna ile vilitokea tena, vikajeruhi na kuua. Aliyekatwa panga ana haki ya kulindwa, na makosa makubwa lazima yafike mahakamani. Lakini kijana hafiki kwenye panga kwa siku moja. Alianza kwa kutoroka shule, kisha akachukua simu ya jirani, na hakuna aliyemfuata. Samaki mkunje angali mbichi.

4. Yatupasa kufanya nini?

Tuseme kijana wa miaka 14 amekamatwa na simu ya jirani.

Kwanza, okoeni maisha yake. Kumpiga hadi afe si haki. Ni kuua, na waliosimama wakitazama wana sehemu yao. Mwiteni mjumbe, waiteni polisi.

Pili, nendeni naye kituoni, mkaulize Dawati la Jinsia na Watoto. Msimwache mama yake aende peke yake. Huenda anaona haya, au hana hata nauli.

Tatu, mwoneni afisa ustawi wa jamii mapema, mumweleze hali ya nyumbani ilivyo.

Nne, mwenye mali asisahauliwe. Akiwa radhi, na wenye mamlaka wakiruhusu, kijana aombe radhi mbele yake na kurudisha alichochukua au kulipa kidogo kidogo.

Tano, msimwache. Kanisani tunao maseremala, mafundi cherehani, walimu wastaafu. Wawili wawili, kwa ridhaa ya wazazi, wamfuate kila wiki: amefika shuleni? Amekula? Anatembea na nani? Kazi hii haiishi kwa mwezi mmoja, na pengine atakosa tena kabla hajasimama.

Ndugu, kumwombea kijana Jumapili ni vyema. Lakini Paulo aliomba, kisha akaandika jina lake kwenye deni. Sheria imemwachia mtoto mlango wa kurudi nyumbani. Kinachohitajika ni mtu mzima wa kuingia naye.

Maswali ya kujadiliana

1. Mtoto wa mtaa wako akikamatwa usiku huu, nani atakwenda kituoni? Tajeni majina.
2. Kwa nini Paulo hakumficha Onesimo?
3. Tutamtunzaje aliyeibiwa, ili asione kwamba kanisa limemsahau?

Tuombe: Ee Bwana, utufanye wadhamini wa watoto wetu, wala si wapiga mawe. Amina.